Kabla Hujanunua Hiyo Bastola, Mdogo Wangu

Mdogo wangu mmoja aliyeko Texas ameniandikia. Anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ana grini kadi, watoto wawili, na mume anayeendesha lori masafa marefu. Wenzake wa kazini walimpeleka uwanja wa shabaha, akapiga risasi chache kwenye karatasi, na tangu siku hiyo mkono unamwasha. Ametenga dola 400. Duka la kwanza aliloingia, muuzaji akamtolea kibastola cha milimita 9 chenye mpini wa waridi, kinachoenea kwenye mkoba, akamwambia wanawake wengi wanakipenda. Anauliza: dada, nichukue?

Usichukue. Na wala si kwa sababu ya rangi.

Kibastola kile kimetengenezwa kwa ajili ya kufichwa kiunoni, hakikutengenezwa kwa mtu anayetaka kutoboa katikati ya karatasi. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake mkononi linakuwa kali zaidi. Mtutu ukiwa mfupi, kilengeo cha mbele na cha nyuma vinakaribiana, kwa hiyo mkono ukicheza kidogo tu hapa, kule mbele risasi inatua mbali. Ukipiga hamsini kiganja kinawaka moto, unaanza kufumba macho sekunde moja kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaota mizizi kuing'oa ni kazi ya miezi. Sijui nani aliwafundisha wauzaji kwamba mwanamke apewe bastola ndogo. Kwa shabaha ni kinyume chake: chukua bastola kubwa inayokula risasi ndogo. Nami risasi ndogo ninayoisema ni .22.

Sikiliza hesabu. Risasi ya .22 ya mazoezi siku hizi ni kama senti 8. Ya milimita 9, hata ukivizia za bei ya chini, ni kama senti 25. Bei hupanda na kushuka, lakini pengo kati yake halifutiki. Tuseme unakwenda uwanjani kila wiki na kupiga 100, ambazo si nyingi, zinaisha kabla ya saa moja. Kwa wiki 50 umepiga risasi 5,000. Za .22 zimekula dola 400. Za milimita 9 zimekula 1,250. Hiyo tofauti ya dola 850 inakununulia bastola mbili nyingine. Ndiyo maana mtu akija kunionyesha bastola aliyoipata kwa bei poa, namuuliza kwanza: inakula nini?

Na usidhani .22 ni ya watoto. Kwenye Olimpiki, mashindano ya wanawake ya bastola ya mita 25 hupigwa kwa .22. Kushika, kupumua, kuvuta kifyatulio bila kuitikisa bastola, yote unajifunza humo, na siku ukihamia milimita 9 unahama nayo. Anayeanzia juu hujifunza kuogopa mlio kwanza, shabaha baadaye.

Haya, sasa tuje kwenye plastiki, yaani polima. Wapo wanaoikodolea macho bastola ya polima kana kwamba itayeyuka mkononi. Wajerumani wa Heckler & Koch walitoa bastola yenye fremu ya polima, VP70, mwaka 1970, haikuvuma sana. Aliyebadilisha mambo ni Gaston Glock wa Austria, ambaye bastola yake ilipokelewa na jeshi la nchi yake mwaka 1982; baada ya hapo karibu kila kiwanda kikamfuata. Kilicho cha polima ni fremu tu, yaani mpini na sehemu inayobeba kifyatulio. Mtutu unabaki wa chuma. Kumimina polima kwenye kalibu ni rahisi kuliko kuchonga bonge la chuma, na unafuu huo ndio unaokufikia wewe dukani. Tena polima haishiki kutu kwa jasho la viganja.

Hasara yake ni wepesi, na hapa nataka unielewe vizuri, maana wengi hulaumu macho yao bure. Bastola kama Glock 17 ikiwa tupu ina uzito wa gramu 630 hivi. Kifyatulio chake kinahitaji nguvu ya kama kilo mbili na nusu ili kiachie. Yaani unakivuta kwa nguvu inayokaribia mara nne ya uzito wa bastola yenyewe! Kidole kikivuta upande badala ya kuvuta nyuma moja kwa moja, bastola yote inageuka kabla risasi haijatoka mtutuni. Kwa hiyo ukiwa unachagua bastola ya polima ya kulengea, kitu cha kwanza kukichunguza ni kifyatulio. Omba ruhusa ya muuzaji, hakikisheni wote wawili kwamba ni tupu, ielekeze pale atakapokuonyesha, kisha vuta polepole sana. Kinakwaruza? Kina hatua mbili-mbili kabla ya kuachia? Kinaachia mahali pale pale kila mara? Kizito unaweza kukizoea, lakini kisichotabirika kirudishe kwa mwenyewe.

Kwa dola 400 ningekutazamisha tatu.

Ya kwanza ni Taurus TX22, ya Wabrazili, iliyotoka mwaka 2019. Nimeikuta madukani chini ya dola 300. Umbo lake ni la bastola kamili, mpini unajaza kiganja, magazini inabeba risasi 16 (kwenye majimbo yanayobana idadi utapewa ya 10), na kifyatulio chake kwa bei ile ni cha kushangaza. Ni nyepesi, haifiki nusu kilo, na slaidi yake, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, ni ya alumini. Vidole vyako havitahangaika kuikoki.

Ya pili ndiyo kipenzi changu, nisikufiche: Ruger Mark IV 22/45. Kampuni ya Ruger ilianza mwaka 1949 kwa bastola ya .22, na hii ni kitukuu chake. Mpini ni wa polima, lakini juu haina slaidi kama nyingine. Mtutu umefungwa moja kwa moja kwenye bomba la juu, haucheziki, na kinachorudi nyuma ni kipande kidogo cha ndani tu. Vilengeo vimekaa juu ya kitu kisichosogea, ndiyo siri ya usahihi wake. Yenye mtutu mnene inakaribia kilo, na kwa mlengaji huo uzito ni rafiki. Zamani ndugu zake walisifika kwa kusumbua wakati wa kufunguliwa na kusafishwa; hii ya mwaka 2016 unabonyeza kitufe kimoja nyuma, inafunguka. Bei ni karibu dola 400, wakati mwingine inapita kidogo. Ukiipata ya mitumba, angalia namba yake kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa pesa, kwa sababu zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa kiwandani: kifyatulio kikivutwa sefti, kile kizuizi cha usalama, ikiwa imeachwa katikati, bastola iliweza kufyatuka baadaye pale sefti inaposogezwa. Kampuni iliahidi kuzirekebisha bila malipo. Ambayo haijarekebishwa, usiiguse.

Ya tatu ni Glock 44. Ukubwa ni ule wa Glock 19, kwa hiyo inamfaa anayejua kwamba siku moja atanunua hiyo ya milimita 9. Kwa shabaha peke yake, mimi ningebaki na mbili za kwanza.

Kama tayari unaipiga .22 vizuri na unataka milimita 9, waangalie Canik wa Samsun, Uturuki, ambao vifyatulio vyao ni laini kuliko bei yao, na CZ P-10 ya Wacheki. Hayo tutayazungumza siku nyingine, sasa hivi pesa yako ina mwenyewe.

Ukiingia dukani usiulize ipi ni nzuri. Uliza ipi inakaa mkononi. Shika mpini juu kabisa, kiganja kipande hadi kigote chini ya slaidi. Tazama mtutu na mfupa wa mkono wako wa mbele: viwe mstari mmoja. Kisha nyoosha kidole cha shahada, nyama ya ncha ya kidole ifike kwenye kifyatulio bila wewe kuzungusha mpini. Kama hakifiki, bastola ni nene kwako, weka chini. Nyingine huja na migongo ya kubadilisha, mwambie muuzaji akufungie mwembamba kabla hujakata tamaa.

Kukoki nako kuna mbinu. Wadada wengi wanaambiwa hawana nguvu, kumbe wanafundishwa vibaya. Usivute slaidi kwa ncha za vidole. Ishike kwa kiganja chote kutoka juu, ilete bastola karibu na kifua, mdomo ukitazama mbele, halafu sukuma mpini kwa mkono wenye nguvu huku ule wa juu umeganda. Wenye mikono midogo kuliko yako wanakoki milimita 9 kutwa nzima.

Na kabla ya kununua, kodi. Viwanja vingi vya ndani vinakodisha bastola kwa malipo madogo. Piga kila moja risasi hamsini, mwenye uwanja akuazime mbili tofauti siku hiyo hiyo, uzilinganishe mkono ukiwa bado unakumbuka.

Lakini hapo kwenye kukodi, simama kidogo. Mdogo wangu wa Texas ana grini kadi, hana tatizo. Wewe unayesoma hapa ukiwa na viza ya mwanafunzi, au uliyekuja kutembea, jambo hili si lako. Sheria ya shirikisho la Marekani inawakataza wengi wa walioingia kwa viza za muda kumiliki bunduki na risasi, ikibakiza mianya michache, mmojawapo ukiwa leseni ya uwindaji. Asiye na makaratasi halali amekatazwa kabisa. Na kuishika tu kwa saa moja uwanjani kunahesabika. Ipo kesi iliyofika hadi Mahakama Kuu mwaka 2019, ya Rehaif, kijana kutoka Falme za Kiarabu aliyekuja Florida kusoma, akafukuzwa chuo kwa alama mbaya, akabaki nchini, kisha akaenda kwenye uwanja wa shabaha na kupiga. Alihukumiwa kifungo. Mahakama Kuu ilimpa afueni kwa kusema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua hali yake ya uhamiaji, lakini kufika huko alishapitia mengi ambayo wewe hutaki kuyapitia. Kosa la bunduki linaweza pia kukufukuzisha nchini hata ukiwa na grini kadi. Rafiki akikwambia "twende tu, hawaulizi", mwambie asante, uende kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji.

Mwenye haki ya kununua, dukani atajaza fomu inayoitwa 4473, na jina lake litapitishwa kwenye mfumo wa FBI. Jaza mwenyewe, soma kila mstari. Inauliza kuhusu bangi, na inakuonya kwamba hata jimbo lako likiiruhusu, shirikisho halijairuhusu. Inauliza kuhusu hukumu ya ugomvi wa nyumbani, hata iliyo ndogo. Uongo humo ni jinai. Na lile la binamu kukuomba umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye "makaratasi yake yanachelewa", likatae mchana kweupe. Tangu 2022 linaweza kumpa mtu kifungo cha hadi miaka 15. Majimbo nayo yana yake. Illinois bila kadi yao ya FOID huuziwi hata risasi. California wana orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa madukani, na uliyoipenda inaweza isiwemo. Texas ni nyepesi zaidi, lakini ukihama, hama na sheria za unakokwenda. Na kuifungasha kwenye begi kwenda nayo Dar au Nairobi, tusizungumze hata. Bila kibali cha huko unashukia mahabusu.

Nyumbani. Una watoto wawili na mume anayelala mchana akirudi safari. Bastola hukaa kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, risasi kwenye kingine, ufunguo shingoni mwako au namba kichwani mwako. Si juu ya kabati, si chini ya godoro, wala si kwenye mkoba. Watoto wanajua kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, hata zawadi za Krismasi. Duka linatakiwa na sheria ya shirikisho kukupa kufuli pamoja na bastola. Itumie, ingawa kisanduku ndicho hasa. Nikwambie na hili ambalo wauzaji hawasemi: kama ndani ya nyumba yuko mtu anayepitia majonzi mazito, au ndoa imefika pa kutupiana vitu, bastola itoke kwanza, ikalale kwenye duka linalokubali kuhifadhi au kwa ndugu anayeruhusiwa na sheria. Shabaha itasubiri.

Siku ya uwanja vaa blauzi inayofunga shingoni. Ganda la risasi linaporuka kutoka kwenye bastola limechemka, na lina mapenzi ya ajabu na kifua kilicho wazi. Nimeona mtu mzima akicheza sindimba na bastola mkononi kwa sababu ya ganda moja! Likikuingia, vumilia, mdomo wa bastola ubaki ukitazama mbele, iweke chini, ndipo ucheze. Mwenye hijabu aifunge ndani ya kola. Vizibo vya masikio vile vya kichwani havikai vizuri juu ya rasta nene wala kilemba. Weka kwanza vile vya sponji ndani ya sikio, halafu vya kichwani ukandamize ukanda uelekee kisogoni. Kwenye uwanja wa ndani vaa vyote viwili hata kama wewe unapiga .22, kwa sababu wa pembeni yako huenda amekuja na mzinga. Miwani nayo haina mjadala.

Risasi nyingi za .22 hazina gamba la shaba, ni madini ya risasi matupu, na baruti ya kuwashia nayo ina madini hayo. Yanabaki vidoleni na kwenye vumbi. Usile chipsi ukipakia magazini. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kushika uso, ukifika nyumbani badilisha nguo kabla hujambeba mtoto, na viatu vya uwanjani visiingie ndani. Mjamzito au anayenyonyesha, hii michezo ingoje. Zungumza na daktari wako.

Tegemea .22 kugoma mara moja moja. Kiwashio chake kimepakwa kwenye ukingo wa ganda, na pengine ukingo huo haukupata cha kutosha. Ukivuta na kusikia "tik" tu, tulia, mdomo mbele, hesabu hadi thelathini, ndipo uitoe. Ukisikia "puf" dhaifu badala ya mlio, acha kabisa, toa magazini, mwite msimamizi aangalie kama risasi haijakwama mtutuni. Vilevile kila .22 ina risasi inayoipenda. Nunua visanduku vidogo vya aina tatu nne, upige kila aina kwenye karatasi yake, uone ipi inakusanya matundu pamoja bila kukwama. Ukishaijua, ndipo ununue kwa wingi.

Pesa ikibaki, usikimbilie kile kioo cha nukta nyekundu. Nunua magazini. Kuna mchezo unaitwa Steel Challenge, ulioanza mwaka 1981, wa kupiga vibao vitano vya chuma kwa kasi, na una madaraja ya .22 peke yake. Kwa hayo huhitaji mkoba wa kiunoni wala kuchomoa: unaanza bastola ikiwa mkononi, imeelekezwa kwenye alama iliyo chini mbele yako, king'ora kinalia, unapiga vibao vinne na kumalizia na kile cha kusimamishia saa. Unarudia mara tano, mbaya kuliko zote inatupwa. Ukiwa na magazini tano hutasimamisha watu wakikungoja upakie. Vilabu vingi hufanya mwishoni mwa wiki, na ukiwaambia wakati wa kujiandikisha kwamba ni mara yako ya kwanza watakupa mtu wa kukaa nawe. Bastola ifike ndani ya begi, tupu, na usiifungue begi mpaka akwambie.